Mashine haipimi urefu wa mzizi

Mama mmoja wa Katuba, mtaa wa hapa Lubumbashi, alifungua kinywa, nikamtundikia kile kikulabu cha chuma kwenye pembe ya mdomo, naye akanidaka mkono. "Dokta, huu uzi hautanipiga kuran?" Kuran ndiyo umeme, kwa lugha yetu ya hapa.

Swali lake lina haki ya kujibiwa, na nitalijibu huko mbele. Lakini katika yote ninayoyasikia hapa Lubumbashi kuhusu mashine ya kutafutia mwisho wa mzizi wa jino, woga wa mgonjwa ndio mdogo kabisa. Dhana nzito ni zetu sisi tuliovaa koti jeupe.

Nzito kuliko zote ni hii: "Mashine inakupa urefu wa mzizi kwa milimita."

Haikupi. Nianze kwa asiyeijua kazi hii. Jino likioza hadi kwenye mshipa, na mwenye jino hataki ling'olewe, tunalitoboa kwa juu, tunatoa mshipa, tunasafisha mfereji hadi karibu na ncha ya mzizi, kisha tunauziba. Ukiishia njiani unafungia uchafu ndani. Ukipitiliza unachokonoa nyama na mfupa ulio nje ya jino. Na ile dawa ya kusafishia, ambayo ni ndugu wa Javel ya kufulia, ikisukumwa huko nje uso unaweza kuvimba papo hapo, mgonjwa amekaa kitini. Kwa hiyo lazima ujue mwisho uko wapi, na macho hayafiki.

Uzi mmoja wa mashine unaning'inia mdomoni, wa pili unaibana faili, ule msumari mwembamba kama sindano tunaousogeza ndani ya mfereji. Mkondo mdogo mno unapita kati yao. Kuta za jino huuzuia umeme, nyama huupitisha. Faili ikikaribia kugusa nyama iliyo chini ya mzizi, upinzani unashuka ghafla na mashine inapiga kelele. Suzuki wa Japani, akifanya majaribio kwa mbwa mwaka 1942, aligundua kwamba upinzani kati ya chombo kilichomo mferejini na utando wa kinywa haubadilikibadiliki. Mwaka 1962 Mjapani mwenzake, Sunada, akautumia ugunduzi huo kupimia meno ya watu, akakuta upinzani ni karibu kilo-omu 6.5. Baadaye zikaja mashine kama Root ZX ya kampuni ya J. Morita, inayotumia masafa mawili kwa pamoja, kilohezi 8 na 0.4, na kulinganisha upinzani wa moja na wa jingine. Uwiano wao ukifika karibu na 0.67, faili iko pale mfereji unapobana kabla ya kutoka nje.

Sasa nionyeshe milimita iko wapi katika hayo yote. Hakuna. Mashine inajua jambo moja tu: umefika au hujafika. Milimita unazitafuta mwenyewe. Unasukuma kile kiduara cha mpira kwenye faili mpaka kiguse kilele cha gego, unaitoa faili, unailaza kwenye rula. Mpira ukiwa umelegea, au umekaa mshazari, nusu milimita imeshapotea na mashine haina hatia.

Na ile 0.5 inayowaka kwenye kioo? Vijana wa stashi, wanafunzi walio kwenye mafunzo ya kazi, wananiambia, "Dokta, imebaki nusu milimita." Hapana. Ni alama ya mtengenezaji, inayoonyesha kwamba uko kwenye ule mbano au jirani yake. Haina udugu na rula. Mimi nashuka taratibu mpaka mashine iseme tumefika tunduni, pale mfereji unapotokea nje ya mzizi, kisha narudi juu nusu milimita, na nusu hiyo naipima kwa rula. Sikuibuni mwenyewe: mtafiti Kuttler, alipochunguza ncha za mizizi na kuchapisha mwaka 1955, alikuta umbali kati ya mbano na tundu la nje ni kama nusu milimita, na kwa wazee unaongezeka kidogo.

Kuttler huyohuyo anatuvusha kwenye dhana ya pili, inayopendwa na wakubwa zangu: "Radio inatosha, sisi tulifanya kazi miaka yote bila hivyo vinanda." (Radio ndiyo picha ya eksirei, kwa wasomaji wa mbali.) Alionyesha kwamba tundu la mfereji mara nyingi halikai kwenye ncha yenyewe ya mzizi, limejitenga pembeni. Likitokea upande wa shavu au wa ulimi, picha hailioni, kwa sababu picha ni bapa. Unaona faili imeishia ndani ya mzizi, tena kwa usalama, kumbe imeshachungulia nje.

Nililipa ada ya somo hilo. Lilikuwa jino la chonge la juu, refu kama chonge zote, na picha ilionyesha nafasi nzuri imebaki. Nikasafisha, nikaziba, nikajipongeza. Siku ya tatu yule baba alirudi ameshika shavu, hawezi hata kugonganisha meno. Niliporudia kazi kwa mashine, ilipiga kelele milimita moja na nusu kabla ya pale nilipokuwa nimepaamini.

Msinielewe vibaya, radio siitupi. Bila picha ya mwanzo hujui mizizi ni mingapi, imepinda vipi, wala mfupa umeliwa kiasi gani. Na kwa mtoto ambaye mzizi wake haujafunga, tundu bado pana, mashine husema "tumefika" kabla ya wakati. Hapo picha ndiyo inakuokoa. Vitu viwili hivi vinaulizana maswali.

"Mfereji lazima uwe mkavu kabisa" ni kweli ya mashine za zamani. Za leo zinavumilia maji ya mferejini. Zisichovumilia ni bwawa lililo juu: mate, damu au dawa iliyojaa kwenye shimo la jino na kugusa fizi, au faili inayogusa ziba la chuma. Umeme unapita njia ya mkato. Kwa mama wa Katuba ndivyo ilivyokuwa. Gego lake la chini lilikuwa na ziba la zamani la amalgamu, na faili ilipoingia tu mashine ikalia kama imefika mwisho. Mwanafunzi wangu akasema imeharibika. Nikalitoa lile ziba, nikakausha shimo kwa pamba na kuacha mfereji na unyevu wake, nikachagua faili inayojaa mferejini badala ya ile nyembamba inayoogelea. Kelele ikatulia. Mfereji mmoja ukatoa 19.5, mwingine 20.

Ikilia mapema baada ya hayo yote, usiipige kofi. Huenda umetoboa ukuta wa mzizi, na yenyewe ndiyo ya kwanza kukuambia.

"Mgonjwa akishtuka, umefika." Hii niipite haraka. Mwenye ganzi hashtuki, na asiye na ganzi anaweza kushtuka ungali katikati ya mzizi, kama kimebaki kipande cha mshipa.

Na kuran ya mama? Mashine inatumia betri, mkondo wake ni mdogo sana, wengi hawausikii kabisa. Wa kuulizwa kwanza ni mwenye kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo kilichopandikizwa kifuani. Majaribio kwa wagonjwa wa aina hiyo hayakuonyesha madhara, lakini watengenezaji bado wanaonya, nami huwa nazungumza na daktari wake wa moyo kabla ya kutundika uzi wowote.

Mama alirudi baada ya wiki mbili tumalizie. Nilifungua fishi yake, ile kadi ya matibabu: 19.5, faili namba 15, kilele cha mbele upande wa shavu. Nikaangalia kinywani. Kilele hakipo. "Niliuma mahindi ya kuchoma," akasema, "upande huu huu ulionikataza." Mzizi ulikuwa palepale, ila pale mpira ulipokuwa unagusa pamemeguka. Nikamtundikia kikulabu, safari hii hakunidaka mkono, nikapima upya. Nikafuta 19.5 kwenye fishi, nikaandika 18.