Riseti haifufui kishikwambi kilichokufa kwenye apdeti

“Fundi, apdeti ilikatikia njiani, kikagoma kuwaka. Lakini nimeshakiriseti, bado tu.” Maneno haya nimeyasikia hadi naweza kuyamalizia mwenyewe kabla mwenye kifaa hajashusha pumzi. Kinachonichoma si apdeti kufeli. Apdeti hufeli, na bila hizo ningekuwa nafanya kazi nyingine. Kinachonichoma ni hiyo “nimeshakiriseti”, inayosemwa kwa fahari kana kwamba nimepunguziwa kazi.

Hujanipunguzia kazi. Umefuta picha zako.

Kumbukumbu ya kishikwambi imegawanywa patisheni nyingi, yaani vyumba vilivyotengana. Kuna ya butiloda, programu ndogo inayoanza kukiwasha kifaa, kuna ya kernel, kiini cha mfumo, kuna za mfumo wenyewe, halafu kuna moja kubwa inayobeba vitu vyako: picha, ujumbe, akaunti, programu ulizopakua. Apdeti huandika kwenye zile za kwanza. Riseti hufuta hiyo ya mwisho. Basi. Patisheni ya mfumo iliyoachwa nusu nusu inabaki nusu nusu hata uriseti hadi kidole kiume.

Watu wengi wanaamini kwamba ndani ya kifaa kuna nakala safi ya mfumo wa kwanza, imefichwa mahali, na riseti huenda kuichukua. Najua imani hiyo inatoka wapi. Kompyuta nyingi za Windows ziliuzwa zikiwa na patisheni ya namna hiyo, na ukibonyeza kitufe kinachofaa mashine inarudi ilivyokuwa dukani. Kishikwambi cha Android hakina kitu hicho. Ushahidi ni rahisi: chukua kizima kilichopanda kutoka Android 12 hadi 13, kiriseti, kisha angalia toleo. Ni 13. Kufuta data kwa sababu mfumo umevunjika ni kuchoma nguo zilizo kabatini kwa sababu kitasa cha mlango wa mbele kimegoma.

Tena kuna adhabu ya ziada. Tangu Android 5.1, kifaa kilichofutwa kwa vitufe bila kuondoa akaunti kwanza kinaweza kukuuliza nenosiri la akaunti ya zamani. Ile ambayo mtu ameisahau, bila shaka.

Sasa niwe wa haki, kwa sababu hapa ndipo hata mafundi wenzangu hugombana. Ipo hali ambayo riseti ni dawa: mfumo mpya umeingia wote, mzima, ila unagongana na data za zamani. Kernel inapanda, mchoro wa kuwaka unacheza, unacheza, unacheza, ukurasa wa kwanza hautokei. Hapo kufuta data kunaweza kukiokoa kifaa, ijapokuwa picha hazitaokoka. Na mfumo wenyewe unakusukuma huko. Kuanzia Android 8.0, ukianguka mfululizo hujaribu kujirekebisha hatua kwa hatua, na ukishindwa hukupeleka kwenye rikavari, menyu ya dharura, ambako skrini inasema data zako huenda zimeharibika, ikikupa njia mbili: jaribu tena, au futa kila kitu. Watu hawalioni hilo “huenda”. Wanaisoma kama amri ya daktari.

Chagua kujaribu tena. Ikirudi palepale, zima, pumzika, jaribu tena.

Jinsi ya kujua uko upande gani? Kipimo changu cha haraka: nembo ikiwa imesimama tuli bila kusogea, mara nyingi tatizo liko chini, kwenye butiloda au kernel, na riseti haihusiki hata kidogo. Mchoro ukicheza, mfumo umeshaanza, kwa hiyo tatizo laweza kuwa data. Laweza, kwa maana nimeona mfumo wenye mafaili pungufu ukichezesha mchoro vizuri kabisa, na kwa kutazama nje tu siwezi kuapa ni ipi kati ya hizo mbili. Ndiyo maana naandika mfumo upya kwanza, bila kugusa data. Ikiwa data ndiyo mkosaji, bado nitaweza kuifuta baadaye. Ikishafutwa, hairudi.

Vifaa vyenye patisheni pacha vinanikera zaidi, yaani mtu anavyovitendea. Mpango huo uliingia na Android 7.0 mwaka 2016: mfumo una nafasi mbili, apdeti inaandikwa kwenye ile isiyotumika, na ikishindwa kuwaka mara kadhaa, butiloda inarudi yenyewe kwenye nafasi ya zamani. Kifaa kama hicho kinaweza kujiokoa bila fundi. Mwenyewe hana subira, anaona kimejizima na kujiwasha mara mbili tatu, tayari vidole viko kwenye vitufe. Kwenye matoleo ya karibuni mambo yana utata zaidi, kwa kuwa sehemu ya apdeti inayosubiri kuunganishwa yaweza kuwa imehifadhiwa ndani ya eneo lilelile la data zako. Ukiagiza kufuta katikati ya muungano huo, rikavari inapaswa kuumaliza kwanza. Ikionekana imeganda hapo, usiing’oe kwenye umeme.

Njia zenyewe za kufufua nitazipitia upesi. Chaji kwanza, kwa muda mrefu, maana betri iliyokauka kabisa huacha skrini nyeusi na mtu akadhani bodi imekufa. Halafu tafuta waya unaopitisha data. Waya wa kuchaji tu umeshawapotezea watu jioni nzima.

Rikavari ikifunguka, tuma kifurushi kamili cha mfumo kutoka kwenye kompyuta kwa amri ya adb sideload. Samsung ikiingia kwenye hali ya kupakua, tumia Odin, programu ya kompyuta ya kuandika mfumo wa Samsung, na mahali pa CSC, faili la mipangilio ya nchi, weka faili la HOME_CSC, lisilofuta data. Kwa vifaa vyenye chipu ya MediaTek kuna programu ya SP Flash Tool: chagua “Download Only”. Yule anayekufundisha “Format All + Download” anakufundisha kufuta na NVRAM, mnamokaa IMEI na anwani ya Wi-Fi, halafu utamtafuta usimwone. Kifaa chenye chipu ya Qualcomm kilichokufa kabisa huonekana kwenye kompyuta kama poti 9008, hali ya dharura ya chipu hiyo. Ni habari njema, kwani msimbo wa kwanza wa kuwaka umechomwa ndani ya chipu tangu kiwandani na apdeti haiwezi kuugusa, lakini bila faili la kupakia lililosainiwa kwa ajili ya kifaa hicho utaishia kuitazama poti hiyo. iPad iunganishe na kompyuta ikiwa kwenye rikavari, na ukiulizwa usasishe au urejeshe, chagua kusasisha. Upakuaji ukizidi dakika 15 iPad itatoka kwenye hali hiyo. Acha faili limalizike kushuka, kisha uirudishe rikavari.

Umeona mtindo? Karibu kila mahali zipo chaguo mbili zilizokaa jirani, moja ya kuandika mfumo na nyingine ya kufuta vyako, na ile ya pili ndiyo watu hukimbilia.

Jambo moja haliwezi kwenda upesi: toleo. Andika lilelile au jipya zaidi, kamwe si la zamani. “La zamani lilikuwa linafanya kazi vizuri,” naambiwa. Sawa, lakini data zako zimefungwa kwa usimbaji, na ufunguo umefungamanishwa na toleo la mfumo na tarehe ya kiraka cha usalama. Ukishuka chini, mfumo utawaka na ufunguo utakataa. Na hiyo ni iwapo butiloda itakuruhusu kushuka. Kwa sababu hiyohiyo, kung’oa chipu ya kumbukumbu na kuisoma pembeni hakusaidii, na kufungua butiloda kwanza ili “ufleshi kwa uhuru”, yaani uandike mfumo wowote, kunafuta data hapohapo.

Kisha kuna vile ambavyo sijui niseme nini. Mtu ameriseti, skrini imesema imekamilika, akawasha upya, kila kitu kipo kama kilivyokuwa. Hapo najua kumbukumbu ya eMMC, chipu inayohifadhi kila kitu, imechoka na imejifunga, inasomeka lakini haiandikiki, na apdeti ilikuwa tu kazi nzito ya kwanza kuifichua. Hiyo ni rahisi. Ngumu ni ile inayokatika katikati ya kufleshi, leo asilimia 30, kesho 80. Nabadilisha waya, poti, kompyuta, faili. Chipu za eMMC 5.0 na kuendelea hutoa makadirio ya uchakavu kwa ngazi za asilimia kumi kumi, nami huyasoma, ila nimekutana na chipu iliyojisifu kuwa mpya huku ikigoma kuandika. Nikifika hapo, na kifaa kikibahatika kuwaka hata mara moja, sikizimi. Nanakili picha kwanza, ndipo tuongee habari ya kubadilisha chipu.