Je, wajua kwa nini mashine ya kukata nyasi hugoma masika yanapoingia?

Masika yakianza Mombasa, nyasi hazisubiri mtu. Wiki mbili tu za mvua na uwanja wa hoteli pale Bamburi au Shanzu umeshageuka kichaka. Mtunza bustani anaitoa bandani mashine ya kukata nyasi, ile kubwa ya kukalia na kuendesha, anazungusha ufunguo, na hapati kitu. Kimya. Au mlio mmoja tu, ta, halafu basi. Mbona mashine iliyokata vizuri Desemba igome Aprili, na tangu hapo hakuna aliyeigusa?

Jibu limo humo humo: hakuna aliyeigusa. Kuanzia Januari hadi Machi kaskazi inavuma, jua ni kali, nyasi zinakauka na mashine inawekwa kando. Miezi hiyo yote hewa ya chumvi inakula viungo vya umeme, na joto linaharibu petroli tangini. Mara nyingi hakuna kilichovunjika, na inaniuma kuona watu wakinunua stata mpya, ile mota inayoizungusha injini wakati wa kuwasha, kwa tatizo la kusafisha kwa brashi.

Basi anza kwa kusikiliza. Ule mlio wa ta ni wa solenoidi, swichi nzito inayopeleka umeme wa betri kwenye stata. Ikilia, maana yake ufunguo na fyuzi viko sawa. Kinachokosekana ni nguvu. Hapa ndipo fundi anapoweka mita ya volti kwenye betri, anasoma volti 12.6 na kusema betri ni nzima, stata ndiyo imekufa. Lakini volti hizo amezipima betri ikiwa imepumzika. Stata ikianza kuvuta, inataka mkondo mkubwa wa umeme, ampea 50 na zaidi. Chumvi ya bahari huvuta unyevu, unyevu unakula terminali, na kati ya nguzo ya betri na kichwa cha waya panafanyika utando wa unga mweupe au wa kijani. Utando huo ukiwa na ukinzani, yaani kizuizi cha umeme, wa ohmu 0.1 tu, ampea 50 zikipita hapo volti 5 zinapotea njiani. Stata inabakiwa na 7 na kitu, na kwa hizo haizunguki.

Namna ya kuukamata utando huo ni rahisi. Gusisha ncha moja ya mita kwenye nguzo yenyewe ya betri, ncha nyingine kwenye kichwa cha waya kinachoishika nguzo hiyo, kisha mwenzako azungushe ufunguo. Mita inatakiwa isome karibu na sifuri. Ikiruka hadi nusu volti au zaidi, mwizi umempata. Fanya vivyo hivyo pale waya wa hasi unapofungwa kwenye chesi, fremu ya chuma ya mashine, maana kutu ya hapo hujificha chini ya boliti na watu wengi hawaifikii. Fungua waya wa hasi kwanza, sugua kwa brashi ya waya, osha kwa maji ya moto yenye magadi bila kuyaacha yaingie ndani ya betri, kausha, kaza, paka grisi. Betri nayo ikisoma chini ya volti 12.4 ichajiwe kabla ya kulaumiwa.

Kama hakuna hata ta, pengine ni fyuzi, au mashine inakataa kwa makusudi. Umeme wa ufunguo hupitia swichi za usalama kabla ya kufika kwenye solenoidi: moja kwenye pedali ya breki, moja kwenye swichi ya visu, na kwa baadhi ya mashine hata ile ya chini ya kiti. Kanyaga breki hadi mwisho, hakikisha visu vimezimwa, kaa vizuri kitini, jaribu tena. Kisha tazama chini ya kiti kama plagi ya waya imechomoka, au panya amezitafuna nyaya. Bandani anazipenda sana. Wako wanaounganisha nyaya moja kwa moja ili kuikwepa swichi ya kiti. Usikubali. Ndiyo inayozima injini mwendeshaji akianguka, na visu vile havibagui nyasi na mguu.

Stata ikizunguka vizuri lakini injini haiwaki, hamia kwenye petroli. Petroli ya nchi hii hushushwa hapa hapa Kipevu, bandarini Mombasa, lakini iliyokaa tangini tangu mwaka jana si petroli tena ya kutegemewa. Sehemu zake nyepesi, zile zinazoshika moto haraka, huruka kwanza. Inayobaki inanuka kama vanishi na kuganda ndani ya kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa, na kitundu cha jeti kinachopitisha petroli, chembamba kama uzi, kinaziba. Mwaga ya zamani, tia mpya, ufungue mfuniko wa kabureta usafishe. Ukizungusha ufunguo na kusikia mlio mdogo chini ya kabureta, solenoidi inayofungulia petroli inaitika; usipousikia, angalia waya wake. Plagi ya moto ichomoe pia: ikiwa kavu, petroli haifiki, ikiwa imelowa, petroli inafika na cheche ndiyo ya kutafutwa.

Liko tatizo moja linalowachanganya hata mafundi wazoefu. Injini inazunguka nusu duru, inakwama, na betri mpya haisaidii. Injini nyingi za aina hii zina kifaa kwenye kemshafti, ile shafti inayofungua valvu, kinachoinua valvu kidogo wakati wa kuwasha, ili pistoni isipambane na mgandamizo wote. Mwanya wa valvu, yaani nafasi kati ya valvu na mkono unaoisukuma, ukipanuka kwa matumizi, valvu haiinuki tena na stata inashindwa. Kinachotakiwa ni kuurekebisha mwanya kwa vipimo vya kitabu cha mashine.

Na kabla ya kaskazi ijayo, toa petroli tangini, acha injini iungurume hadi izime yenyewe, fungua waya wa hasi wa betri, na mashine uifunike kwa turubai lenye kupitisha hewa. Nailoni huufungia unyevu ndani, na kwa pwani hilo ni baya kuliko kuiacha wazi bandani.