Likizo ndefu na mtoto: weka kitabu cha mazoezi pembeni, leta dadu

Kila shule zikikaribia kufungwa napata meseji zilezile kutoka kwa wazazi, mwalimu nimnunulie kitabu gani cha mazoezi asije akasahau, na mi kila mara najibu usinunue, wanadhani natania. Sitanii. Nimefundisha hesabu na kusoma madarasa ya chini miaka 14 na homuweki za likizo nimezigawa sana tu. Mwaka mmoja niligawa kurasa 40 zimebanwa vizuri na kava ya rangi, nikajiona nimefanya kazi kwelikweli, shule kufunguliwa nakuta nyingi zimejazwa mbiombio siku mbili za mwisho, unaona kabisa mzazi alikaa pembeni anataja majibu. Moja mwandiko ulikuwa wa mama mwenyewe, na swali la 17 alikosa 😂

Kwanza tuelewane kinachopotea ni nini, mana watu wanaogopa kana kwamba mtoto atarudi hajui hata jina lake. Mwaka 1996 Harris Cooper na wenzake huko Marekani walipitia tafiti 39 kuhusu likizo ndefu ya kiangazi, wakakuta kwa wastani watoto wanarudi wameshuka kama kiasi cha mwezi mmoja wa masomo, na vilivyoshuka zaidi ni kupiga hesabu na kuandika maneno kwa herufi sahihi. Mi hainishangazi. Nyumbani mtoto anaongea kutwa nzima, anasikia stori, anasoma vitu kwenye simu, ila nani anamuuliza 8 ukijumlisha na 7 ni ngapi? Hamna. Kwa hiyo kazi yako wewe mzazi ni ndogo kuliko unavyofikiri: tafuta michezo inayomlazimisha kuzitoa namba na herufi kichwani mwake, dakika 15 hivi, siku nyingi za wiki, basi. Siku mkiruka mmeruka, hakuna kesi.

Kwa wadogo ambao hawajaanza shule au ndo wanaanza, chora mstari wa viboksi 10, andika 1 mpaka 10 kutoka kushoto kwenda kulia, kila mtu na kete yake. Mnazungusha kitu au mnachomoa karatasi yenye 1 au 2, unasogea, wa kwanza kufika 10 kashinda. Mchezo wa kijinga kabisa ukiutazama. Lakini watafiti Geetha Ramani na Robert Siegler waliujaribu na watoto wa miaka minne na mitano, matokeo wakayatoa 2008, vipindi vinne tu vya kama robo saa, na watoto wakawa wazuri zaidi kwenye kuhesabu, kutambua namba na kujua ipi kubwa ipi ndogo, na wiki tisa baadaye walikuwa bado hawajasahau. Kundi lingine walicheza mchezo huohuo ila viboksi vina rangi badala ya namba, hao hawakupata kitu. Sasa kuna kitu kimoja wazazi wengi wanakikosea hapa: mtoto akiwa kwenye 5 akapata 2, asiseme "moja, mbili", aseme "sita, saba", yaani asome namba anazozikanyaga. Ukiacha ahesabu moja mbili kila zamu umebaki na burudani tu. Ndo mana ludo ni tamu lakini kwa hili haisaidii sana, ile ya nyoka na ngazi yenye namba 1 mpaka 100 ni bora.

Wakubwa kidogo, miaka saba kwenda juu, huu ndo mchezo wangu naoupenda kuliko yote. Andika 2 mpaka 12 kwenye karatasi, kila mtu na karatasi yake na vifuniko vya chupa 11, anavipanga juu ya namba anavyotaka yeye, hata vyote kwenye namba moja akitaka. Mnarusha dadu mbili, mnajumlisha, mwenye kifuniko kwenye jumla hiyo anatoa kimoja, wa kwanza kumaliza kashinda. Mara ya kwanza watoto wanaweka kimoja kimoja kila mahali, au wanarundika kwenye 12 kwa sababu ni kubwa, na wanasubiri hiyo 12 mpaka wanakasirika. USIWAAMBIE SIRI. Waache. Baada ya siku kadhaa utaona vifuniko vinaanza kuhamia katikati, siku moja mmoja atakuuliza mbona 7 inatoka sana, hapo ndo mnakaa chini kuandika njia zote dadu mbili zinavyoweza kutua, ziko 36, na 7 ina njia 6 wakati 12 ina moja tu, 6 na 8 zina 5 kila moja. Kwenye raundi moja mtoto kajumlisha mara 30 au zaidi na hajalalamika hata mara moja, wakati maswali 30 kwenye kitabu ungeyapata kwa machozi. Ila wewe usikimbilie kutaja jumla kabla yake! Kaa kimya, hesabu polepole moyoni mpaka tano, hata kama dadu ziko wazi mbele yenu.

Upande wa herufi mi natumia wizi. Unamwachia kikaratasi chini ya mto, "kitu chako nimekificha nyuma ya mlango", lakini neno moja umeliharibu makusudi, "mrango" au "nyma", na hapewi karatasi ya pili mpaka amkamate mwizi wa herufi. Akizoea mbadilishane, yeye aandike wewe utafute, tena wanapenda zaidi huku mana wanataka kukushinda. Kusoma sina mengi, msomee kila siku hata kama ashajua kusoma, basi.

Dadu zikipotea, na zitapotea, andika 1 mpaka 6 kwenye vipande vya karatasi mara mbili, vikunje, uweke kwenye vikombe viwili, kila kikombe kiwe na 1 mpaka 6 yake. Visiwe vikombe vya kuonyesha ndani lakini, wanachungulia hao.