Kushuka stendi sio kufika nyumbani: safari ya homoni ya thairoidi

Karibia kila wiki hapa maabara Dodoma napata mtu kakunja karatasi ya majibu mara nne, anaitoa kwenye pochi: "Dokta, homoni zangu ziko juu, ndo goita hiyo?" Juzi alikuwa mama mmoja wa Chamwino, mjamzito wa miezi 5, T4 ya jumla, yaani homoni moja ya tezi ya thairoidi ikihesabiwa yote iliyoko kwenye damu, imepanda na jirani kashamkataza mlenda. Mlenda wa watu hauna kosa jamani.

Iko hivi. Tezi hiyo ya thairoidi, iliyoko shingoni, inatoa zaidi T4, ambayo ni kama akiba, na T3 kidogo ambayo ndo yenye nguvu ya kazi. Zikiingia kwenye damu zaidi ya asilimia 99 zinakuwa zimeshikwa na protini, chukulia ni abiria ndani ya basi, na abiria aliyeko ndani ya basi hawezi kulima shamba mpaka ashuke. Walioshuka ni wachache mno, kwa T4 ni kama asilimia 0.02 hadi 0.03 basi. Sasa mimba inaongeza mabasi, vidonge vya majira vyenye estrojeni navyo hivyo hivyo, kwa iyo ukihesabu abiria wote unaona jumla imepanda hata mara moja na nusu na unashtuka bure. Yule mama tukampima T4 huru, yaani abiria walioshuka tu, na TSH, homoni ya kichwani inayoiamrisha tezi ifanye kazi, vipo sawa kwa mjamzito, akapitia zake soko la Majengo.

Ila kushuka stendi sio kufika nyumbani. Zamani wataalamu waliamini homoni hii inapenya tu yenyewe kwenye ukuta wa seli, kumbe ina mageti yake. Geti moja linaitwa MCT8, na mwaka 2003 watafiti wa Rotterdam, Uholanzi, walionyesha kwamba linapitisha homoni hii, halafu 2004 ikajulikana kuna watoto wa kiume wanazaliwa geti hilo likiwa bovu. Ukimpima mtoto huyo T3 kwenye damu iko juu, lakini ubongo una njaa ya homoni, shingo haikazi, kukaa shida, kuongea shida, na wakati huo huo ini na moyo vyenye mageti mengine vinapokea kupita kiasi, moyo unakimbia na mtoto anakonda. Yaani mwili mmoja, huku ukame huku mafuriko! Ni ugonjwa adimu sana, usianze kumwangalia mwanao vibaya, mi nautaja kwa sababu unaonyesha wazi kwamba namba ya damu sio namba ya tishu.

Na hata ikishaingia ndani bado kuna enzaimu, nyingine zinaitoa T4 ayodini moja iwe T3, nyingine zinaizima kabisa, kila kiungo kinajipangia.

Kwa wengi wetu mageti ni mazima na TSH inatosha kutuongoza, kwa iyo ukijisikia mchovu usijiongezee kidonge cha homoni hii. T4 inachukua kama wiki nzima kupungua nusu mwilini, ndo maana tukibadilisha dozi tunasubiri wiki 6 hivi kupima tena. Kidonge kinywe asubuhi tumbo tupu na maji matupu, chai ya maziwa isubiri angalau nusu saa, vile vidonge vya kuongeza damu vya kliniki viachie masaa 4, maana vikikutana tumboni homoni haipandi hata hilo basi.