Balbu ya njano au nyeupe kwa maua ya ndani?

Swali tunaloulizwa sana hapa kitengo cha bustani, hasa na watu wa maghorofani ambao dirisha linaangalia ukuta wa jirani, ni hili: nimenunua ua likiwa limechanua vizuri, nimeliingiza ndani, majani yapo ila maua yamegoma, sasa niweke balbu gani? Na dukani wengi wanaambiwa chukua nyeupe tu, inawaka sana. Sio uongo, ila ni nusu ya habari.

Chukua boksi la balbu ya LED, pembeni utaona namba yenye herufi K, labda 2700K, 4000K au 6500K. Hiyo ni kelvini, inakuambia rangi ya mwanga, haikuambii balbu itapata moto kiasi gani wala ina nguvu gani. Fikiria chuma cha mhunzi, kikianza kushika moto kinakuwa chekundu, kikizidi kinaenda njano, kikizidi tena kinakuwa cheupe, namba hizi zimetokana na hesabu ya namna hiyo, kwaiyo namba ndogo ni ule mwanga wa njano kama wa koroboi na namba kubwa ni mweupe unaovuta bluu.

Mmea unatumia zaidi mwanga wenye urefu wa wimbi kati ya nanomita 400 na 700, yani kuanzia zambarau na bluu mpaka nyekundu. Bluu inaufanya ukae mfupi, umeshikana, nyekundu inasaidia sana kutengeneza chakula na pia ina mkono wake kwenye mambo ya kuchanua. Balbu ya 6500K ina bluu nyingi, ya 2700K imeegemea nyekundu na ukiitumia peke yake mmea unaweza kurefuka na kulegea. Ndo maana wapenzi wa maua ya ndani toka enzi za tyubu walikuwa wanachanganya, moja nyeupe moja ya njano. Kama una holda moja tu mimi ningeweka 4000K na nisiumize kichwa.

Tuchukue afrikan vayoleti, maana hili ni ua la kwetu kabisa. Asili yake ni milima ya Usambara na jirani zake, mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka Ujerumani na mpaka leo Wajerumani wanaliita Usambaraveilchen. Kule msituni linaota kwenye miamba yenye unyevu, chini ya kivuli cha miti, kwaiyo halitaki mwanga mkali wa kuchoma, linataka mwanga wa wastani ila wa muda mrefu, masaa 12 mpaka 14 kwa siku. Balbu mbili za wati 9, weka sentimita 30 hivi juu ya majani alafu liangalie lenyewe: vikonyo vya majani vikirefuka vinasimama kama vinaomba, sogeza taa karibu, na majani ya katikati yakibana na kupauka, inua taa.

Na hapa kwenye umbali ndo watu wanakosea kuliko kwenye rangi. Nje jua la saa sita linafika laksi 100,000 (laksi ni kipimo cha mwanga unaofika mahali), sebuleni usiku na taa umewasha utakuta laksi mia chache tu, macho yetu yanazoea tunaona kumekucha kumbe mmea una njaa. Balbu ya dari haisaidii kitu hata ukiweka 6500K, umbali ukiongezeka mara mbili mwanga unaofika unabaki kama robo. Tumia taa ya mezani yenye shingo, inatosha.

Alafu kuna giza. Sio kila ua linataka taa masaa yote. Poinsetia, lile la Krismasi lenye majani mekundu, na krisanthemu, haya yanasubiri usiku mrefu ndo yachanue, poinsetia inataka giza la masaa kama 13 au 14 mfululizo kwa wiki kadhaa, ukiwasha taa saa tano usiku kwenda jikoni kunywa maji umeshaharibu hesabu. Wanaozalisha miche ya krisanthemu Uganda wanaitumia siri hiyohiyo kinyume, wanawasha taa usiku makusudi ili mimea isichanue mapema, iendelee kutoa vichipukizi. Kwaiyo jua kwanza ua lako ni la kundi gani, ndo uende dukani.

Zile balbu za zamani za waya achana nazo kabisa, karibu umeme wote zinaugeuza joto, ukisogeza karibu unaunguza majani. Ila msiogope Luku, LED ya wati 9 ikiwaka masaa 12 kila siku ni yuniti 3 na kidogo tu kwa mwezi, na mkipata taima ya kuchomeka kwenye soketi itawasha na kuzima yenyewe hata mkiwa safarini.