Mbwa wako si mkaidi, anaogopa

Mbwa wengi ninaoletewa wakiwa na sifa ya ukaidi, ukiwatazama vizuri, ni waoga. Mwenye mbwa anaanza kunieleza: nikimwita haji, nikimvuta kwa kamba analala chini, akija mgeni anabweka mpaka sauti inakauka, huyu ana kichwa kigumu. Wakati anaongea, mimi namtazama mbwa. Masikio yamelala nyuma. Mkia ameubana katikati ya miguu. Uzito wote ameuweka kwenye miguu ya nyuma, tayari kutimka. Analamba midomo na hakuna chakula, anapiga miayo na hana usingizi, uso ameugeuzia pembeni huku macho yamebaki palepale, weupe wake ukichungulia. Namtupia kipande cha nyama. Kinaanguka karibu na mguu wake na wala hakigusi. Basi, jibu nimeshalipata. Mbwa mwenye afya na njaa anayekataa nyama amezidiwa na hofu, na mbwa aliyezidiwa hivyo hafundishiki, mwalimu awe nani.

Nina msimamo mmoja katika kazi hii, na mengine yote yanatoka humo: mbwa hupata ujasiri pale anapoweza kukisia kitakachofuata, na pale anapojua kwamba ana ruhusa ya kuondoka. Ukimnyima kimojawapo utapata mbwa anayetii kwa hofu, au mbwa aliyekata tamaa. Kwa mbali wote wawili huonekana wana adabu.

Hilo la kukata tamaa lina historia yake. Mwaka 1967 Martin Seligman na Steven Maier, huko Marekani, walichapisha majaribio ambayo hata kuyasoma yanauma. Kundi moja la mbwa lilipigwa shoti za umeme, lakini kila mbwa aliweza kuikatisha shoti kwa kusukuma kibao kwa kichwa. Kundi la pili lilipata shoti za nguvu ileile kwa muda uleule, ila lolote walilofanya halikusaidia kitu. Baadaye wote waliingizwa kwenye sanduku lenye kizuizi kifupi katikati. Ukiruka upande wa pili, umeme unakuacha. Mbwa wa kundi la kwanza waliruka. Wengi wa kundi la pili walilala chini wakavumilia. Maumivu yalikuwa sawa kwa makundi yote. Tofauti ilikuwa kama mbwa aliwahi kuwa na njia ya kuyamaliza.

Ndiyo maana sishangilii nikionyeshwa mbwa mwoga "aliyetulia" baada ya kushikiliwa kwa nguvu mbele ya kitu anachokiogopa. Ushauri huo unatolewa kila mahali: mshike hapohapo mpaka azoee. Mara nyingi kilichotokea ni kwamba mwili umeacha kupigana na moyo bado unakwenda mbio. Siku akipata mwanya, huyohuyo aliyetulia ndiye anayeng'ata.

Umbali kwanza

Nitoe mfano wa mbwa jike mmoja, umri bado mdogo, aliyekuwa akiogopa toroli. Liliwahi kumwangukia karibu alipokuwa mchanga, na wahenga walishasema aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Kutoka kwenye toroli hofu ilihamia kwenye ndoo za bati, kisha kwenye mageti yanayokwaruza, mwishowe kwa mtu yeyote anayesukuma kitu chenye gurudumu.

Tulianza toroli likiwa limesimama tu mwisho wa uwanja, mbali kiasi kwamba aliliona, akalikazia macho, lakini bado akaweza kupumua kawaida na kula. Huo ndio umbali ninaoutafuta siku zote: kitu anakiona, anajua kipo, na akili zake bado anazo. Akilitazama toroli, anapata kipande cha kuku. Akilitazama tena, kipande kingine. Toroli likiondolewa machoni, kuku naye anakoma. Utaratibu huu ukiupindua unaharibu kazi. Ukianza kwa kumwonyesha kuku halafu ndipo toroli litokee, kuku ndiye atakayekuwa dalili ya hatari, na utabaki kushangaa kwa nini mbwa wako siku hizi akiona mfuko wa nyama anakimbilia uvunguni. Ivan Pavlov, Mrusi aliyepata Tuzo ya Nobeli mwaka 1904 kwa utafiti wa mmeng'enyo wa chakula, aliliona jambo hili kwenye mate ya mbwa wake: ishara ikitangulia na chakula kikafuata, baada ya muda ishara peke yake inatosha kuyatoa mate.

Dalili kwamba somo linaingia ni ndogo, ukipepesa macho inakupita. Yule mbwa aliliona toroli, sikio moja likasimama, kisha akageuza kichwa chapuchapu kunitazama mimi, mdomo umelegea: kuku wangu yuko wapi? Hapo ndipo tuliposogea hatua mbili. Tulipofika wakati wa kulisukuma toroli, tulirudi tena mbali kabisa tulikoanzia, maana kwa mbwa toroli linalotembea na kupiga kelele ni kitu kipya. Ukiongeza ugumu wa upande mmoja, punguza wa upande mwingine. Ama sauti, ama mwendo, ama ukaribu. Usimletee vyote kwa pamoja.

Wengi huharibu hapa mwishoni, tena kwa nia njema. Wanaweka nyama juu ya kile kitu chenyewe ili mbwa "aone hakina shida." Mtazame mbwa huyo: shingo ameirefusha mpaka basi, miguu ya nyuma haijasogea. Akishameza anainua macho, anajikuta uso kwa uso na adui, anaruka nyuma. Alichojifunza ni kwamba nyama ni mtego. Mimi hufanya kinyume. Akisogea mwenyewe hata hatua moja, namrushia kipande nyuma yake, mbali na toroli. Anapata malipo mawili kwa mpigo, chakula na nafuu ya kujitenga, halafu anaamua mwenyewe kama anarudi. Kwa kawaida anarudi, na akirudi anakaribia zaidi. Siku alipolinusa tairi la lile toroli hakuna mtu aliyemwita.

Na niliseme hili kwa sababu linaulizwa sana: kumbembeleza mbwa mwenye hofu hakumfundishi kuogopa. Hofu haiji kwa kutafuta malipo. Akija kujibanza ubavuni mwako radi inapopiga, mwache ajibanze. Usimfukuze "asizoee kudeka."

Tabia njema zinalipwa papo hapo

Kanuni ya tabia ni ya zamani. Mwaka 1898 Edward Thorndike aliandika juu ya paka aliowafungia kwenye masanduku yenye kitasa cha kufungulia: tendo lililowatoa nje likawa linarudiwa haraka zaidi kila safari. Tendo likileta heri, hurudiwa. Hakuna anayebisha. Kinachowashinda watu ni muda, kwa sababu una sekunde moja, labda mbili. Umesema "kaa," mbwa amekaa, wewe unapapasa mfukoni kutafuta kipande, mbwa amesimama, ndipo unampa. Umelipia kusimama. Ukifanya hivyo wiki nzima utapata mbwa anayekaa na kuinuka papo hapo, na utamwita mjeuri.

Dawa yake ni neno moja fupi la alama. Mimi natumia "ndiyo," kwa sauti ileile kila mara. Kabla ya somo lolote nalitia maana neno hilo: nasema neno, natoa kipande, nasema neno, natoa kipande, mpaka mbwa akilisikia anageuka. Baada ya hapo, neno linadaka lile tendo sekunde yake yenyewe, na chakula kinaweza kuchelewa kidogo. Wafunzaji wa pomboo wamekuwa wakitumia filimbi kwa sababu hiyohiyo. Huwezi kumtia samaki mdomoni mnyama aliye hewani.

Jambo la pili: mbwa hawezi kujifunza "usifanye." Chukua mbwa anayewarukia wageni. Anataka kutambuliwa. Ukimsukuma umemgusa, ukimfokea umeongea naye, ukimkodolea macho umemtazama. Vyote alivyovitaka amevipata. Mpe tendo la kulipwa badala yake, miguu minne ikiwa chini, na mgeni ainame kumsalimia pale tu miguu iko chini. Jiandae, kwani siku za mwanzo za kutomjali akiruka ataruka zaidi kuliko zamani. Anajaribu kwa nguvu kile kilichokuwa kikimfaa. Akilipwa hata mara moja wakati huo, na kila familia ina mjomba asiyeweza kujizuia, atakuwa amejifunza kwamba kung'ang'ania kunalipa.

Kwa mbwa waoga, tendo ninalolipenda kuliko yote ni kugusa kiganja kwa pua. Unakinyoosha kiganja kitupu, karibu na uso wake lakini pembeni, na kusubiri. Usikisogeze. Mbwa karibu wote hunusa kwa udadisi tu. Pua ikigusa, "ndiyo," kipande. Ni jambo dogo, lakini mbwa ndiye aliyeanza na ndiye aliyeifanya dunia imlipe. Baadaye kiganja hicho kinamtoa kwenye kona alikojificha, kinampandisha kwenye mizani ya daktari, kinampitisha kando ya mbwa mwingine, na hakuna aliyemvuta shingo.

Kuhusu fimbo, minyororo inayokaba na kola za umeme, sizungushi maneno: situmii. Utafiti uliofanywa Ureno kwa mbwa 92 na kuchapishwa mwaka 2020 ulilinganisha mbwa kutoka shule za tuzo na wale wa shule za adhabu. Wa adhabu walionyesha dalili nyingi zaidi za msongo wakati wa mafunzo, na kortisoli, homoni ya msongo, kwenye mate yao ilipanda zaidi baada ya somo. Watafiti hao waliwapima pia kwa bakuli: upande mmoja wa chumba bakuli huwa na chakula, upande wa pili huwa tupu, kisha likawekwa katikati. Mbwa walioadhibiwa sana walilisogelea polepole zaidi, yaani hawakutarajia kheri.

Wanaotetea ubabe hukimbilia kwa mbwamwitu: eti kundi lao hutawaliwa na kiongozi mbabe, basi na mwenye mbwa awe mbabe. Hoja yao ina mizizi kwa Rudolf Schenkel, aliyeandika mwaka 1947 juu ya mbwamwitu waliofungiwa pamoja kwenye eneo dogo. David Mech, ambaye kitabu chake cha 1970 kilisaidia kuieneza dhana ya kiongozi mbabe, aliisahihisha mwenyewe mwaka 1999: porini, kundi kwa kawaida ni baba, mama na watoto wao.

Muhimu kuliko mbwamwitu ni mngurumo. Mbwa anayenguruma anakupa taarifa. Ukimpiga kwa kunguruma, taarifa inakoma na hofu inabaki. Wale ninaosimuliwa kwamba "aling'ata ghafla, bila dalili" mara nyingi waliwahi kuadhibiwa kwa kutoa dalili. Akinguruma, simama, ongeza umbali, kisha tafuta sababu.

Kwa wenye watoto wa mbwa sina mengi. John Paul Scott na John Fuller walionyesha, katika kazi waliyoichapisha mwaka 1965, kwamba kuanzia takriban wiki ya 3 hadi ya 12 ndicho kipindi ambacho mbwa hupokea vitu vipya kwa wepesi. Usikipoteze kwa kumfungia. Zungumza na daktari wa mifugo kuhusu chanjo, na kabla hazijakamilika mbebe mikononi aone na asikie dunia. Kumpitisha kila mtu amshike hakuhesabiki. Akigeuza uso, mwondoe.

Mbwa mkubwa naye hajachelewa, na kwake huanza na pua. Mwaka 2019 Charlotte Duranton na Alexandra Horowitz walichapisha jaribio ambamo mbwa wa kundi moja walitafuta chakula kwa kunusa kila siku kwa wiki mbili, na wengine walifunzwa kutembea ubavuni mwa mtu. Katika kipimo cha bakuli kama kile cha Ureno, wanusaji walilikimbilia haraka kuliko mwanzo, wenzao hawakubadilika. Kwa hiyo tawanya sehemu ya mlo wake kwenye majani umwache atafute, na matembezi mengine yawe yake: kamba ndefu, kamba iliyolegea, anasimama anapotaka kunusa. Mafunzo yenyewe yasizidi dakika chache kwa mara moja. Na kama asubuhi alishtuliwa na mlipuko, siku hiyo usimpeleke kwenye toroli, maana hofu ndogondogo hujilimbikiza kwa saa nyingi.

Lakini kabla ya haya yote, kama tabia imebadilika ghafla, kwa mfano mbwa mpole ameanza kunguruma akiguswa au amekataa ngazi alizokuwa akizipanda, anza kwa daktari wa mifugo. Nyonga, meno na masikio huuma kimyakimya. Na pale ambapo wiki zinapita umbali haupungui hata hatua moja, daktari anaweza kuongeza dawa ya kupunguza wasiwasi ili mbwa apate nafasi ya kujifunza. Ukienda, mpige video akitembea na akiinuka kutoka kulala ukiwa bado nyumbani, kwa sababu wengi wakifika kliniki hujikaza na kuchechemea kote kunapotea.