Je, wajua kwa nini benki ya Uingereza inaweza kumkataa wakili wako wa nyumba?

Umepata nyumba Leicester au Reading, bei mmepatana na benki imekubali kukukopesha. Rafiki wa msikitini au kanisani anakuunganisha na wakili aliyemsaidia mambo ya viza, mtu na heshima zake, na unamlipa pesa za kufungulia faili. Wiki mbili baadaye inakuja barua: benki haiwezi kufanya kazi na wakili huyo. Hajashtakiwa wala hajafutiwa leseni. Hayumo tu kwenye paneli.

Paneli ni orodha ya kampuni za mawakili ambazo benki imezikubali, na kila benki ina yake. Mtu akiipata barua hiyo huwa anahamaki, na ana haki: wakili nimemtafuta mimi, namlipa mimi, benki inamkataaje?

Inamkataa kwa sababu wakili huyo si wako peke yako.

Kwa aliyenunua nyumba Kenya kwa mkopo hili huwa geni. Kule mara nyingi benki huja na wakili wake, wewe una wako, na ada za wote wawili zinakuangukia wewe. England na Wales (Scotland wana sheria zao) mazoea ni mengine: kwa nyumba ya kawaida ya kuishi, wakili mmoja humhudumia mnunuzi na mkopeshaji kwa pamoja. Kanuni za mawakili humkataza mtu kuwatetea watu wawili ambao masilahi yao yanagongana, lakini hapa inahesabiwa kwamba mnataka kitu kimoja. Wewe unataka nyumba isiyo na mgogoro. Benki nayo inataka hivyo hivyo, maana usipolipa ni nyumba hiyo itakayouzwa.

Benki yenyewe haikagui hati. Wakili ndiye anayekagua, kisha anatia saini cheti cha kuthibitisha kwamba milki ni safi na masharti ya mkopo yametimizwa. Kwa neno lake hilo, benki inatuma labda pauni 200,000 kwenye akaunti yake ya fedha za wateja. Wewe hizo hela huzigusi. Ukitazama hivyo, si ajabu benki kutaka kujua kwanza anayepokea ni nani, ana bima ya kiasi gani na ana wasimamizi wangapi ofisini.

Walijifunza kwa hasara. Mwaka 1988 wakili mmoja alishughulikia ununuzi wa nyumba ya pauni 73,000, mkopo ukiwa 59,000. Sharti la mkopeshaji lilikuwa kwamba pesa iliyobaki itoke mfukoni mwa wanunuzi, na nyumba isiwekwe rehani nyingine. Wanunuzi walikuwa na deni dogo kwa benki yao, pauni 3,350, na walikubaliana deni hilo lifungwe kwenye nyumba mpya. Wakili aliambiwa, akasahau, akamwandikia mkopeshaji kwamba mambo yote yako sawa. Wanunuzi wakashindwa kulipa, nyumba ikauzwa kwa hasara, na mkopeshaji akamgeukia wakili. Kesi hiyo, ambayo wanasheria huiita Mothew, iliamuliwa na Mahakama ya Rufaa mwaka 1996: wakili alizembea, lakini kukosea bila nia mbaya si usaliti. Inasomeshwa vyuoni hadi leo. Baada ya msukosuko wa fedha wa 2008 wakopeshaji wakakaza zaidi. Januari 2012 benki ya HSBC iliibana paneli yake ikabaki na kampuni 43 tu, mawakili wakaja juu, na baadaye ikailegeza.

Kuna kitabu kinachoyaeleza haya yote: mwongozo wa wakopeshaji unaotolewa na UK Finance, umoja wa mabenki. Sehemu ya kwanza ina masharti ya wote, ya pili ina majibu ya kila benki. Uko wazi kwenye intaneti, na nashangaa wanunuzi wangapi hawajawahi kuufungua. Ukiusoma utaelewa kwa nini wakili wako wakati mwingine anakuwa kama mpelelezi.

Tuseme nyumba ni pauni 300,000 na benki inakupa asilimia 90, yaani 270,000. Mkaguzi anakuta paa linavuja, muuzaji anashusha bei kwa 10,000, nyumba nzima mnashangilia. Wakili analazimika kuiarifu benki. Benki inaweza kupiga hesabu upya: asilimia 90 ya 290,000 ni 261,000. Mkopo umepungua kwa 9,000, na wewe mfukoni umebakiwa na 1,000. Paa bado linavuja. Ukimwambia wakili, "Hilo tusiwaambie," hatakuwa na njia ya kukusaidia. Siri yako hawezi kuitoa bila ruhusa, benki hawezi kuificha, kwa hiyo anachobaki nacho ni kujitoa. Anarudisha makaratasi na kuandika tu kwamba kuna mgongano wa masilahi. Benki ikisoma hivyo huwa inaelewa.

Muuzaji naye anachunguzwa. Kama amemiliki nyumba kwa chini ya miezi 6, kwa kawaida lazima benki iambiwe, kwa kuwa matapeli wamewahi kuuziana nyumba haraka haraka ili bei ipande kwenye karatasi. Na kama ni fleti ya lisi, yaani unayoimiliki kwa miaka maalumu tu, kila benki ina idadi yake ya miaka inayotaka iwe imebaki. Fleti moja inaweza kukubalika benki hii na kukataliwa ile ya jirani.

Ila kinachowakwamisha watu wetu zaidi ni dipoziti. Mtu amejichangia 12,000, na mjomba wake Dar amemwongezea 15,000 baada ya kuuza kiwanja Kigamboni. Wakili anataka barua ya zawadi: mjomba aseme pesa si mkopo, na hatadai sehemu yoyote ya nyumba.

"Mjomba shikamoo. Wakili anasema usaini kwamba hunidai."

"Marahaba. Kwani mimi nimekudai, mwanangu? Hela nimekupa kwa mapenzi, sasa nisaini ya nini?"

Halafu vinafuata kitambulisho chake, taarifa ya benki, mkataba wa kuuza kiwanja, na ukuta wa heshima unaanza kupata ufa. Mjomba anaona anahojiwa kama mwizi. Heri umweleze mapema, kabla wakili hajauliza, kwamba maswali ni ya aina mbili. Benki inaogopa siku ya kuuza nyumba atokee mtu na kusema, "Nusu ni yangu." Na wakili mwenyewe anabanwa na kanuni za 2017 za kuzuia utakatishaji wa fedha, zinazomtaka awe na hofu na pesa asiyojua imetoka wapi. Pesa ya chama, kile kikundi cha kuchangiana, ni ngumu zaidi. Kama utairudisha kidogo kidogo, hiyo si zawadi, ni mkopo, na benki ni lazima iambiwe. Mchango wa ndugu ishirini waliotuma kwa M-Pesa unaweza kukuletea maswali ishirini. Mimi ningeshauri zikusanywe mapema, mtoaji mmoja au wawili, karatasi zikiwa tayari.

Sasa, kumchagua. Watu huanza na bei, mimi ningeanza na swali la simu: "Mko kwenye paneli ya benki fulani?" Litaje jina la benki, usiulize kwa ujumla. Si lazima awe solisita, yaani wakili wa kawaida wa ofisini. Tangu sheria ya 1985 wapo pia wataalamu wa uhamisho wa milki wenye leseni, chini ya Council for Licensed Conveyancers, na kazi hii ndiyo mkate wao wa kila siku. Wakili hodari wa uhamiaji si lazima awe hodari wa viwanja. Kwa masolisita, angalia kama ofisi ina alama ya ubora wa uhamisho wa milki ya Law Society, chama chao, kwani wakopeshaji wengi huitaka. Jina lake litafute kwenye daftari la SRA, wasimamizi wa masolisita, ambalo ni la bure. Dalali akikusukuma kwa wakili "wake", muulize analipwa kiasi gani kwa kukupeleka. Na umuulize wakili ni nani hasa atakayeshika faili, na huyo akienda likizo anapokea nani. Bei ya chini sana mara nyingi maana yake ni faili 100 mezani kwa mtu mmoja.

Ukishang'ang'ania wako aliye nje ya paneli, benki nyingine zitakuruhusu: zitaweka wakili wao pembeni, utalipa wote wawili, na barua zitazunguka mara mbili.

Karibu na siku ya kukamilisha, mara nyingi Ijumaa, ikija barua pepe kwamba akaunti ya wakili imebadilika, usitume hata senti. Piga simu kwa namba uliyokuwa nayo tangu mwanzo. Matapeli huingia kwenye barua pepe na kusubiri wiki hiyo hiyo.

Ukishapewa funguo, wewe unapika pilau, wakili bado ana kazi. England ana siku 14 za kupeleka ritani ya kodi ya ununuzi, kisha anaomba usajili kwa HM Land Registry, ofisi ya serikali ya kusajili ardhi, na ndiyo maana anataka pesa ya kodi iwe mkononi kabla hajakamilisha chochote. Usajili ukitoka, lipia nakala ya daftari la nyumba yako, ni pauni chache tu. Lina sehemu tatu. A ni maelezo ya nyumba. B ni mmiliki, na jina lako lipo hapo. C ni mizigo iliyofungwa juu yake, na hapo utalikuta jina la mteja mwingine wa wakili wako.